Nilivyokata Majina ya Kanyangi

Mwaka wa 1999 nilikamata wezi ishirini na watatu bila kuinuka kwenye kiti. Ofisi nzima ikanipigia makofi.

Hadi leo makofi hayo yananiwasha masikioni. Ngoja niwaambie kwa nini.

Naitwa Mutindi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mchapaji katika ofisi ya msaada wa chakula mjini Kitui. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, na orodha za watu wa kupewa mahindi zilitufikia zikiwa na majina yaliyorudiwa.

Bosi wetu, Mzee Jonah, alikuwa moto.

"Watu wanajiandikisha mara mbili na wengine wanalala njaa! Mutindi, si uko na kompyuta? Fanya kitu!"

Binamu yangu Ndolo, aliyekuwa chuo kikuu Nairobi, alikuwa ameniletea diski yenye Python, lugha ya kuandikia kompyuta amri, na kurasa za kujifunzia. Nilikuwa mwanafunzi wa wiki tatu tu, lakini kichwa kilikuwa kimefura, wacha tu.

Nilishajua hivi: jina ukilitia ndani ya alama za nukuu, Python inaliita string, yaani herufi zilizopanga foleni. Na mashine haina akili ya mtu. "Kavata", "KAVATA" na "Kavata " yenye nafasi nyuma, kwake ni watu watatu.

Basi nikatumia strip kuondoa nafasi za pembeni, na upper kugeuza herufi zote kuwa kubwa. Kadi za mahindi zilikuwa na nafasi ya herufi kumi na mbili tu, kwa hivyo nikaandika jina[:12]. Ikachukua kumi na mbili za mwanzo, zingine ikatupa.

Halafu, ndiyo, *halafu*, nikaiambia ifute kila jina linalofanana na lingine.

Orodha ya Kanyangi ikaangusha ishirini na watatu. Kanyangi ni kwetu. Nilijiambia sasa watajua mtoto wao hana mapendeleo.

Lori la mahindi liliporudi kutoka Kanyangi, dereva wetu Billow, mtu wa Garissa asiye na maneno mengi, alikuja hadi mezani kwangu.

"Dada, kule kuna kina mama wamefukuzwa kwa laini. Hawakai wezi."

"Billow, kompyuta haina undugu."

"Sawa. Lakini mwizi ukimshika anapiga kelele. Hawa walinyamaza."

Maneno hayo yalinikaa vibaya. Mwezi mzima nikawa nafungua orodha, nafunga, nafungua tena. Awamu ya pili ilipofika, niliomba kwenda na lori.

Laini ya Kanyangi ilizunguka kanisa. Mama yangu hakuwemo. Nilimwona kando ya ukuta wa mashine ya kusaga, amekaa na wanawake wengine, gunia tupu limekunjwa mapajani.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "mbona hauko kwa laini?"

Akaangalia chini. "Kivuva, yule karani wa orodha, alisema nimeshaandikwa, ati nataka kuchukua mara mbili."

"Na haukukataa?"

"Nilikuwa nimeambia soko yote ni wewe umetengeneza hiyo orodha. Ningesema ni ya uongo, si ni wewe ningeita muongo? Nikarudi nyumbani."

"Umekula nini?"

"Jirani, Muthoki Musyoka, ananipimia mkebe mmoja mmoja wa gorogoro kwa mahindi yake."

Mama anaitwa Muthoki Musyimi.

Nilihesabu kwa vidole hapo hapo. Muthoki, nafasi, M, U, S, Y. Kumi na mbili! Majirani wawili, mimi nimewafanya mtu mmoja. Majina mengi ya Kikamba yanaanza sawa, na mimi Mkamba mzima niliyakata kabla ya kuyalinganisha. Niliona aibu.

Nilipomweleza Mzee Jonah, aliyekuwa amekuja kusimamia ugawaji, alinivuta kando. "Tutarekebisha polepole ofisini. Ukisema hapa, hakuna mtu ataamini orodha tena."

"Walifukuziwa hapa, Mzee."

Nikapanda juu ya lori. Nikaambia watu kwamba aliyekosea ni mimi, nikaomba orodha ya karatasi, ile ya asili, na kuanza kusoma majina yaliyofutwa, kamili, moja moja.

Ishirini na mawili yalikuwa ya watu wa haki. Moja tu ndilo lililorudiwa kweli: ukurasa wa kwanza kwa herufi ndogo, wa tatu kwa herufi kubwa.

Kivuva Mutie. Karani mwenyewe!

Soko lilicheka hadi Kivuva akaacha kofia yake mezani na kupotea. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mama akiingia kwenye laini.

Wewe unayeanza Python leo, linganisha majina mazima kwanza, ukate baadaye, na orodha ya asili usiiguse. Na ukiambiwa kazi yako imeumiza mtu, usibishe, nenda ukamwone. Mimi nilibisha mwezi mzima, na mama alikuwa anakula cha jirani ili asiniaibishe.