Ndunge Achora Mstari Sakafuni

Saa saba mchana, mafundi wenzake wanakula githeri nje, lakini Ndunge amepiga magoti kwenye sebule tupu ya nyumba mpya mtaani Hurlingham. Vigae vyeupe alivyovilaza wiki iliyopita vimeshika vizuri. Sasa amevigeuza kuwa karatasi ya grafu.

"3x + 2y = 12," anasoma polepole, chaki mkononi.

Kesho fundi huyu wa vigae, mwenye umri wa miaka thelathini na mitano, anafanya mtihani wa hisabati wa kidato cha nne. Akifaulu, atajiunga na chuo cha ujenzi. Mwaka jana alifeli. Swali la grafu aliliacha wazi.

Pembe ya sebule ndiyo sufuri, na kuta mbili ndizo mihimili.

"X ikiwa sufuri, 2y ni kumi na mbili, so y ni sita." Anahesabu vigae sita kando ya ukuta mmoja, anatia alama. "Y ikiwa sufuri, x ni nne." Anatia nyingine kwenye ukuta wa pili.

Obuya, fundi mwenzake, anachungulia na sahani yake. "Injinia, unachafulia mwenye nyumba sakafu!"

"Wacha kelele, nishikie uzi hapo."

Uzi uliopakwa chaki ya buluu unavutwa na kuachiliwa. Mstari unabaki chini. Ndunge anaupima: x ikiwa mbili, y lazima iwe tatu. Anatia alama ya tatu. Iko nje ya mstari.

Obuya anacheka. Ndunge anahesabu vigae upya kwa kidole. Kisha anajipiga paji la uso.

"Ai! Nimehesabu kama fundi!"

Fundi huhesabu vigae, naye alitia kila alama katikati ya kigae. Grafu huhesabu mistari: moja ni pale kigae cha kwanza kinapoishia.

Anafuta kwa kitambaa, anasogeza alama zote tatu hadi kwenye viungo vya vigae, wanapiga uzi tena. Mstari unapita juu ya alama ya tatu bila kupinda hata kidogo.

Obuya anaacha kutafuna. "Alama mbili tu, na hii ingine imeingia yenyewe?"

"Gusa popote kwa huu mstari," Ndunge anasema kwa sauti ya kanisani. "Ukijumlisha 3x na 2y, jibu ni kumi na mbili. Popote, Obuya."

Wote wawili wanabaki wameinama, wanautazama.

"Siku moja nataka kuchora nyumba yenyewe, wengine walaze taili," anasema, akifuta magoti. "Kesho, hiyo swali ndiyo nitaanza nayo."