Shangazi Emilienne Aligeuza Kiti

Shangazi Emilienne analima muhogo na karanga nje kidogo ya Kabambare. Mumewe alipofariki, Musafiri, mdogo wa marehemu, alichukua shamba lote akamwambia arudi kwao. Hakurudi. Alimshitaki.

Majuji walikuja kutoka Kasongo kwa pikipiki, majoho yao yamefungwa ndani ya mifuko ya plastiki kwa sababu ya matope, wakaketi katika ukumbi wa parokia. Mwalimu wetu wa uraia alitupeleka, darasa zima. Katiba inasema kesi zisikilizwe hadharani, alituambia, basi twende tuone kama ni kweli. Ilikuwa kweli. Hata mbuzi aliingia.

"Mushitaki ni nani?" akauliza juji mkuu, mama mwenye miwani.

Musafiri akasimama. "Nitasema mimi kwa ajili yake, Mama Juji."

Katika ukoo wao, mjane hasemi mambo ya marehemu mbele ya uso wa shemeji. Shemeji ndiye kinywa chake. Sote tunajua hivyo, wala sikuona ubaya, mpaka juji alipouliza tena:

"Na mushitakiwa?"

"Ni mimi pia."

Ukumbi mzima ulilipuka. "Eh, Musafiri! Ukishinda utamucheka nani?"

Juji hakucheka. "Mama Emilienne, sheria inakupa haki ya kujitetea mwenyewe. Utasema?"

Shangazi akisema mbele ya uso ule, ukoo utamwita mwenye kutukana marehemu, na watoto wake watatengwa. Akinyamaza, shamba limekwenda.

Akasimama. Akanyanyua kiti chake, akakigeuza, akaketi akimpa Musafiri mgongo.

"Shemeji, unanipa mugongo mbele ya watu?"

"Ninakupa heshima. Desturi inakataza uso wako, masikio yako haikuyakataza. Sikiliza."

Kisha akamweleza juji jinsi yeye na mumewe walivyofyeka pori lile, na jinsi walivyopanda mchikichi kila mtoto alipozaliwa. Majirani wakaitwa, wakasema ni hivyo hivyo, na michikichi iko pale, nani asiyeijua?

Alasiri juji akasoma uamuzi: shamba ni la mjane na watoto wake.

"Nitakata rufaa!" Musafiri akafoka.

Shangazi hakugeuka.

"Kata, shemeji. Kiti iko."