Sheli Tuliyoitenga Runzewe

Marehemu baba yangu hakuwa mtu wa kusimulia, ila kulikuwa na mwaka mmoja alioupenda kuusimulia, mwaka wa lambo. Mimi nilikuwa bado nachunga ndama. Kijiji chetu kilikuwa Shinyanga, upande wa Maganzo, huko ambako siku hizi watu wanachimbua almasi mpaka nyuma ya vyoo, lakini wakati ule ilikuwa mbuga na ng'ombe basi. Kiangazi kilipokaza, watu walikubaliana kuchimba lambo la kunyweshea mifugo. Kila nyumba itoe mtu na jembe. Wakachimba, mikono ikachubuka, nyimbo zikaimbwa mpaka sauti zikakauka. Jirani yetu mmoja, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, hakutokea wala hakutuma mtu. Alisema mgongo unamsumbua. Mvua ikanyesha, lambo likajaa, na ng'ombe waliofika wa kwanza kunywa walikuwa wake. Walilikoroga likawa tope.

Wazee wakakaa, wakamtenga. Vijana wa sasa wanadhani kutenga ni kununiana. Hapana. Ukitengwa hupewi salamu, hupewi kaa la moto, na ukiingia penye pombe watu wanaweka chini vibuyu vyao wanaondoka. Mke wake akifika kisimani, wenzake wanajitwika vyombo hata kama havijajaa. Baba alikuwa anampita yule bwana njiani kama anavyopita kichuguu.

Sasa katikati ya hayo, mke wa yule bwana akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mama yangu alikuwa anachambua mboga. Aliziacha pale pale, akafunga kanga, akaenda, na wanawake wengine wakatoka majumbani mwao bila kuitana. Walimzalisha, wakamkanda kwa maji ya moto, wakampikia uji. Asubuhi mama anarudi, akakutana na baba wa mtoto njiani, akampita bila kuitikia salamu yake. Ndivyo ilivyokuwa. Kutenga kulikomea mlangoni kwa mzazi, na kwenye nyumba inayoungua. Mwisho yule bwana alileta fahali, akimvuta mwenyewe kwa kamba, fahali akachinjwa, bwana akala na watu, yakaisha. Nyama ilikuwa ngumu. Naikumbuka bado kwenye meno, na meno yenyewe yalishaondoka.

Nilifikaje Runzewe ni habari ndefu, ina dhahabu ndani yake na ina mwanamke, na vyote viwili viliniacha. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo uzee umenikuta kwenye kijiwe cha bodaboda kando ya barabara kuu, naziba pancha. Nilikuwa na beseni la maji, viraka, solusheni ya kuvibandikia, na mashine ya kujazia upepo inayokunywa petroli. Petroli ilipopanda ilinigusa na mimi. Ilipanda, tukasema itashuka, ikapanda tena. Vijana wakaongeza nauli ya kwenda machimboni, wachimbaji wakaona bora watembee na viroba vyao vya mawe kichwani, na vijana wakabaki wamelala juu ya pikipiki zao wakitukana.

Waliyemtukana ni mwenye sheli. Sheli ya karibu na sisi ilikuwa moja, mwenyewe anaishi Mwanza, sijawahi kumwona na nadhani hata wao hawajawahi. Bei inatangazwa redioni kwa nchi nzima, hilo hata mimi nalijua. Nikamwuliza mwenyekiti wa kijiwe kama huyo tajiri ndiye anayeipandisha. Akanijibu kwamba wote lao moja.

Basi siku moja nikiwa nahangaika na tairi niliwasimulia habari ya lambo, yote, na fahali na mzazi. Mdomo wangu haukai bure. Kesho yake mwenyekiti akaitisha kikao. Akasema sheli itengwe. Hakuna kununua pale, hakuna kumbeba mtu wa pale, mpaka bei ishuke. Atakayeonekana kwenye pampu anatozwa faini na anapoteza nafasi yake ya kupaki. Wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Naliona hata leo kuwa lilikuwa wazo. Mji mzima ukiacha kununua kitu kwa mtu, huyo mtu atasikia, hata akiwa Mwanza, na huenda akawapigia simu wakubwa zaidi yake. Ila sharti mji uache kweli.

Hawakuacha. Nyuma ya soko kulikuwa na mama anayeuza petroli kwenye chupa za maji, amezipanga juu ya kibao. Kikao hakijapoa, nikaanza kuwaona wanakwenda kwake mmoja mmoja, wanarudi na chupa ndani ya koti kama watu walioiba kuku. Na yule mama alikuwa anaitoa wapi? Alfajiri alipeleka madumu yake sheli ile ile, yakajazwa. Hakuna aliyekuwa hajui. Kwa hiyo mafuta ya tajiri yaliuzwa kama kawaida, ila sasa yalipitia kwa mama, yakachakachuliwa na mafuta ya taa, yakatufikia kwa bei kubwa kuliko ya pampu. Pikipiki zikaanza kukohoa kama wazee. Mwenyekiti alikuwa ananyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye dumu, kisha anatema. Anatema wapi? Kwenye beseni langu. Utando wa rangi rangi unatanda juu ya maji, na mimi naingiza mikono humo kutafuta tundu la tyubu. Nikila ugali jioni nasikia petroli.

Ngoja niseme hili mapema nisije nikalisahau. Mwezi uliofuata redio ilitangaza kwamba bei imeshuka kidogo, nchi nzima, hata huko ambako hakuna aliyetenga kitu. Nasikia mwenyekiti aliwanunulia watu soda, akasema mmeona nguvu yetu. Mimi sikuwepo.

Aliyetengwa kweli kweli alikuwa binti wa pampu. Alikuwa mtu wa Kambarage, Shinyanga mjini, mumewe yuko machimbo ya mbali, na yeye ana mimba kubwa mpaka vifungo vya sare havifungi. Zamani alikuwa anakuja kijiweni kununua mihogo ya kukaanga, ananiamkia, ananitania kuwa nina masimulizi mengi kuliko viraka. Baada ya kikao, mwuza mihogo, ambaye mumewe ni mwenzao, akawa anamwambia imeisha, na sinia limejaa. Hakuna pikipiki iliyombeba. Alitembea kwenda kazini na kurudi, na wale waliokuwa na chupa ndani ya makoti walimpita wakiangalia pembeni. Mimi niliitikia shikamoo yake kama siku zote. Mwenyekiti akaniambia nawavunjia msimamo. Nikamjibu aanze kwa kuondoa mate yake kwenye beseni langu.

Ikawa siku moja mchana, jua limesimama. Nimewasha mashine, najaza tairi la mtu. Nikamwona binti anakuja kutoka sheli, anatembea hatua chache, anasimama, anashika kiuno, anatembea tena. Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, ambaye alikuwa amefungua tangi anamimina petroli ya chupa. Hata hakuificha.

"Kaka, naomba unipeleke kituo cha afya," binti akasema. "Uchungu umenishika."

Mwenyekiti akawaangalia wenzake kwanza. "Wewe ni mtu wa sheli. Tulishakubaliana."

"Mimi nashika mpira tu, kaka. Mafuta si yangu."

Mmoja kule nyuma akamwambia ampigie tajiri alete lori la mafuta limbebe. Wakacheka. Si wote, kuna waliojifanya wanafuta vioo. Binti akainama, akashika usukani wa pikipiki ya mwenyekiti ili asianguke, na mwenyekiti akautoa mkono wa binti pale, taratibu, kama mtu anayetoa jani. Chupa bado iko mkono wa pili.

"Mzazi hatengwi," nikasema. "Niliwaambia siku ile."

"Hilo hukusema, babu. Ulisema mpaka fahali aje."

Nilikuwa nimesema. Wakati ule walikuwa wanacheka habari ya meno yangu.

Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta, ile niliyotoka nayo Shinyanga, ambako tulibeba abiria kwa baiskeli miaka na miaka na petroli hatukujua hata inanukaje. Nikavua koti, nikalikunja juu ya keria. "Mayu," nikamwambia, ndivyo tunavyowaita wanawake wote kwetu, hata wajukuu, "kaa upande, shika tandiko." Akakaa. Nikaanza kuisukuma nikitembea, maana kuendesha na mtu wa hali ile nisingeweza.

"Babu, mashine yako inanguruma," mwenyekiti akasema.

Nikaiacha ingurume. Kila uchungu ulipomjia binti nilisimama, akaning'ang'ania bega, ukapita, nikasukuma tena. Pikipiki zilitupita. Akaniuliza kama mke wa yule mtu wa lambo alizaa salama. Kumbe naye nilishamsimulia. Nikamwambia alizaa salama.

Wauguzi walimpokea mlangoni. Nilikaa nje kwenye benchi mpaka nikasikia mtoto analia, kisha muuguzi akatoka akasema ni wa kike na mama yake anaongea. Nikachukua koti langu. Lilikuwa limelowa, nikalifunga kwenye keria. Kijiwe kilikuwa mkono wa kushoto, na mashine yangu huko, na viraka, na beseni. Nikakata kulia, nikaenda, na sijarudi.