Saa ya Gari na Mkono wa Mzee Odongo

Kathini alikuwa fundi wa redio Kariobangi, na hakuzoea kushindwa na kitu chenye waya. Lakini saa ya gari la Mzee Odongo ilimtia aibu mara tatu katika wiki moja.

Mzee huyo, karani mstaafu wa reli, alikuwa na gari la mwaka sabini na tatu, ambalo aliliosha zaidi ya alivyoliendesha. Mara ya kwanza Kathini aliifungua saa, akakuta kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, imekauka, akatia mpya. Akaiunga kwenye betri pale mezani, ikatembea siku nzima. Mzee akarudi nayo kwake Donholm akipiga mluzi. Kesho yake akaja amenuna.

"Fundi, imekufa tena."

Kathini akachungulia. Mguu mmoja wa kapasita ulikuwa umeachia risasi ya kuungia. Akauchomelea. Siku mbili baadaye, mguu uleule!

"Mzee, leo tunaenda wote," akasema.

Akaipachika saa kwenye dashibodi, akaketi nyuma. Mbele alikaa Benta, mke wa mzee. Hawajafika hata mzunguko wa kwanza, Odongo akanyoosha mkono wa kushoto akaizaba saa kofi. Paa!

"Mzee! Unafanya nini?"

"Naiamsha. Ofisini tuliziamsha hivi."

"Lakini ilikuwa macho!"

"Ilikuwa inasinzia. Hebu ona mshale huu mfupi unavyojikokota."

"Huo ni mshale wa saa, mzee. Ndivyo unavyotembea."

Benta alicheka mpaka leso ikamdondoka. Waliporudi, Kathini akauchomelea tena ule mguu ulioachia kwa kofi, akaongeza gundi, kisha akamgeukia Benta.

"Mama, saa haiumwi. Mgonjwa ni huu mkono. Ushike."

Jumapili Benta akatii sawasawa. Gari lilipong'oka tu langoni, akaudaka mkono wa mumewe na hakuuachia. Kumbe ndio mkono wa kubadilishia gia! Walikwenda kanisani kwa gia namba moja, injini ikilia kama mbuzi aliyenyimwa majani, na majirani wakiwapigia makofi wazee walioshikana mikono kama wachumba.

Walifika watu wakitoka. Mchungaji akawauliza kulikoni. Mzee Odongo akachungulia dashibodi, kifua mbele.

"Tumechelewa dakika hamsini na mbili, mchungaji," akasema. "Si hamsini na tatu."