Rozari ya Mama Mfuma Masweta

Simu iliingia nikiwa sokoni hapa Njombe, nachagua viazi. Alikuwa mume wa rafiki yangu, mtu ambaye kwa kawaida hawezi kusema lolote kabla hajamaliza salamu ndefu za kwao Makete. Safari hii hakusalimia. Alisema, "Shemeji, mwenzetu ametuacha asubuhi hii." Nikaanza kurudisha viazi nilivyokwisha kuchagua, hadi mwenye viazi akaacha kupima na kuniuliza kama kuna tatizo nyumbani. Msomaji wangu, mama aliyefariki hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alikuwa mfuma masweta wa Makambako, mwenye mashine yake kibarazani, na watoto wengi wa shule wa mji ule wenye upepo wamevuka miezi ya baridi wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake. Umenizoea nikiandika juu ya barabara, bei za mbolea na mambo ya halmashauri. Wiki hii nimejaribu kuandika hayo, nimeshindwa.

Tulikuwa wapangaji wa nyumba moja kwa miaka kadhaa, kabla sijahamia Njombe. Ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye bati, hivyo nilijua maisha yake kwa masikio kabla sijayajua kwa macho. Kila jioni, mashine ikishanyamaza, nilimsikia akitandika mkeka na kuwaita watoto wake watatu: kijana mkubwa, binti wa kati na kitinda mimba. Kisha ikaanza Rozari. Yeye alizaliwa katika familia ya wakulima Wakatoliki karibu na misioni, nje kidogo ya Njombe, na aliniambia kwamba kwao mtu hakula chakula cha jioni kabla ya sala hiyo. Mumewe, fundi wa mbao, ni Mkinga na Mlutheri tangu kuzaliwa. Walifunga ndoa katika kanisa la mke, wakakubaliana watoto wafuate dini ya mama yao, na yeye akabaki na yake. Basi wakati wenzake wanasali, yeye alikaa jikoni akitunza sufuria. Jioni moja harufu ya maharage yaliyoungua ilijaa nyumba nzima wakati wao wako kwenye litania. Mama alipotoka alimkuta ameshika mwiko, anatazama mlango wa sebule. "Ulikuwa wapi?" akamuuliza. Mume akajibu, "Nilikuwa nasikiliza." Wakacheka sana, na usiku ule sote tukala maharage yenye moshi, maana na mimi niliitwa.

Usidhani watoto wale walikuwa malaika. Walisukumana, walinuniana, na kila mmoja alitaka kuongoza tendo fupi, ingawa matendo, yaani yale mafungu matano ya Rozari, yote yana urefu uleule. Kitinda mimba alikuwa hafiki tendo la tatu kabla hajalala. Mama hakumfinya wala kumkemea. Alivuta sweta lolote lililokuwa halijakamilika, akamfunika nalo. Siku moja kijana mkubwa alilalamika kwamba mdogo wake anadekezwa, nikamsikia mama akisema, "Mwache. Aliyesinzia hapa yuko na sisi. Aliyesinzia kitandani yuko peke yake." Kila mtoto alikuwa na ruhusa ya kutaja nia yake, na hakuna nia iliyochekwa. Ndivyo nilivyojikuta nimeombewa mimi mwenyewe, pale kitinda mimba aliposema kwa sauti iliyovuka ukuta, "Tumwombee Mama mkubwa wa chumba cha pili, kikohozi chake kinaniamsha." Nilicheka hadi nikakohoa tena, na upande wa pili wakaitikia wote pamoja, "Twakuomba utusikie."

Ugonjwa ulianza kama uvimbe ambao yeye aliudhania umetokana na kuinamia mashine. Ulipokuja kujulikana kuwa ni saratani ya titi, ilikuwa imekwishasambaa. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kufuma, kisha akaanguka tena. Nilikwenda kumwona Makambako wiki chache kabla ya mwisho. Walikuwa wamemtandikia godoro sebuleni, kwa sababu alikataa kukaa chumbani mbali na wengine. Mwili ulikuwa umeisha, lakini aliponiona alinisalimu kwa lugha ya kwao, "Kamwene, dada. Umefika wakati mzuri, tunaanza." Watoto wakakaa kuzunguka godoro. Baba yao akaenda jikoni kama kawaida yake.

Ikafika zamu ya binti wa kati kutaja nia. Alisema, "Mama apone." Tukaitikia. Mama akamgusa mkono, akasema polepole, "Ongeza, mwanangu: na kama Mungu amepanga vingine, atupe moyo wa kukubali." Binti akatazama chini. Kisha akasema, bila ukali, "Hiyo siombi, Mama." Mimi nilidhani mama atamsihi, au atamweleza habari za mapenzi ya Mungu kama sisi watu wazima tunavyopenda kuwaeleza watoto. Hakufanya hivyo. Alisema, "Basi usiiombe. Nitaiomba mimi. Wewe omba yako." Na wakaendelea, mama na mtoto juu ya mkeka mmoja, kila mmoja na ombi lake, na maombi hayo mawili hayakuweza kutimia pamoja. Nimekaa makanisani tangu utotoni. Sijawahi kusikia sala iliyonitoa machozi kama ile.

Tulimzika Makambako siku ya ukungu mzito. Jumuiya yake waliimba vizuri, na Walutheri wa upande wa mume nao wakaimba, na akina mama wengi walileta watoto wao wamevaa yale masweta. Binti wa kati hakulia makaburini. Tangu siku ile hakusema neno na mtu yeyote. Ukimpa chakula anakula, ukimwambia aoge anaoga, lakini hasemi. Shangazi zake walianza kunong'ona kwamba apelekwe kwa bibi yake kijijini akapumzike.

Ndugu walipoondoka baada ya kuanua matanga, mimi nilibaki kusaidia kusafisha nyumba. Jioni ikaingia. Kwa mazoea kitinda mimba aliutandika mkeka, akakaa juu yake, akatutazama. Kijana mkubwa aligeukia dirishani. Binti alikuwa amejikunja mlangoni mwa chumba. Hapo baba yao akatoka jikoni, akafuta mikono kwenye suruali, akaitwaa rozari ya marehemu ukutani na kupiga magoti. "Mimi si Mkatoliki, mnajua," aliwaambia. "Lakini maneno haya nimeyasikia kila siku nikikoroga maharage. Nikikosea mtanivumilia." Akaanza. Sauti yake ilikuwa nzito na ya woga, kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake. Alipita Nasadiki salama, akapita Baba Yetu na zile Salamu Maria za mwanzo. Kisha akatangaza, "Tendo la kwanza la Utukufu. Yesu anafufuka."

Kutoka mlangoni ikaja sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mazishi. "Baba, leo Ijumaa. Ijumaa ni Matendo ya Uchungu."

Baba hakugeuka haraka. Nadhani aliogopa kumshtua. Alisema, "Sawa. Basi nisaidie, maana hayo siyajui kwa mpangilio."

Binti akaja akakaa karibu naye, akachukua rozari, akaongoza. "Tendo la kwanza la Uchungu. Yesu anatoka jasho la damu." Kijana mkubwa akaacha dirisha, akaja naye. Tulikwenda hivyo, tukiitikia sote, naye pamoja nasi, hadi binti alipofika kwenye maneno "sasa na saa ya kufa kwetu" akashindwa kuyamaliza. Baba akamalizia kwa niaba yake. Salamu Maria iliyofuata akashindwa pale pale, na baba akamalizia tena. Halafu binti akaiacha rozari, akamuuliza baba yake jambo ambalo bila shaka ndilo lililokuwa limemfunga mdomo siku zote zile. "Baba, nilisali vibaya?"

"Hapana," alisema baba. "Ulisali vizuri. Nilikuwa jikoni, nilikusikia."

"Sasa kwa nini?"

"Sijui, mwanangu."

Alimvuta kifuani, na pale ndipo binti alipolia kilio chake, kirefu, cha mtoto, na ndugu zake wakalia naye, na baba akalia akiwa amewakumbatia wote watatu. Sala haikumalizika jioni ile. Hakuna aliyehesabu.

Tangu nirudi Njombe nimekuwa nikiziangalia nyumba zetu, yangu ikiwamo. Wazazi tunarudi tumechoka. Baba ana simu yake, mama ana yake, watoto wana televisheni, na wakubwa wako shule za bweni, tunakutana nao likizo kama abiria waliopishana stendi. Tukiulizwa tunasema tunawatafutia maisha, na ni kweli tunawatafutia. Lakini siku msiba unapoingia, tunawaita watoto sebuleni na kutaka watufungulie mioyo yao, wakati kwenye sebule hiyo hawajawahi kuketi nasi hata robo saa kwa jambo lisilo chakula wala kemeo. Wanatutazama tu, na sisi tunawaona wagumu.

Sisemi kila mtu awe Mkatoliki. Mgane huyu Jumapili bado anakwenda kanisani kwake kwa Walutheri, na jioni anapiga magoti na watoto wake. Wala siwezi kukwambia kwamba Rozari ilimponya mama yao, kwa sababu haikumponya, na mtu akiniletea maelezo ya kwa nini iwe hivyo sitamsikiliza kwa sasa. Nilichokiona ni hiki: mama yule aliwazoesha watoto kusema mbele ya Mungu na mbele ya wenzao kile hasa walichokitaka, hata kama kinapingana na anachokitaka yeye. Aliwazoesha siku za kawaida, akiwa amechoka na kazi, mmoja amenuna na mwingine anasinzia, siku ambazo ilionekana kama hakuna kinachotokea pale. Kazi hiyo haiwezi kuanzishwa siku ya mazishi. Kama una watoto nyumbani, na bado mko wote, waite leo. Watalalamika. Waite hivyohivyo.