Tuta la Marhoon

Marhoon alizaliwa Muscat, kwa wazazi waliotoka Unguja, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa benki, akiamua nani apewe mkopo na nani anyimwe. Hakumkopesha mtu kabla ya kumuuliza ni baya lipi linaloweza kutokea. Alipoacha kazi na kuanzisha reli yake ya kubebea mawe kutoka milima ya Al Amerat, hakubaki wa kumuuliza yeye.

Reli ilikatiza wadi, korongo kavu ambalo mvua ikinyesha hugeuka mto. Ramani ilitaka kalvati nne, matundu ya kupitishia maji, chini ya tuta la reli. Marhoon akajenga moja. Faida ikapanda, na watu wakamwita mjenzi wa taifa. Mimi siwezi kumwita hivyo. Upande maji yanakotokea zilikuwapo nyumba za watu, na mojawapo ilikuwa ya dada yake mkubwa, Nasriya.

Ijumaa moja, baada ya chakula, Nasriya alimwambia, "Marhoon, nnaona tundu moja tu pale. Mafuriko yatapita wapi?"

"Yatapita hapo hapo, dada."

"Kwa foleni, kama benki kwako?"

Marhoon alicheka peke yake. Kisha akasema, "Nimekutafutia nyumba mtaa wa Ansab, nzuri. Uhamie kabla mwezi haujesha."

Nasriya akaweka bilauri chini. "Kama yatapita, mie nahamishwa kwa nini?"

Marhoon akachukua funguo za gari lake.

"Na jirani zangu umewatafutia wapi?"

"Siwezi kumhamisha kila mtu, dada."

"Basi mie sitoki. Fungua tuta lako."

Wiki iliyofuata redio ilitangaza mvua kubwa milimani. Mchana ukaingia giza, na mbuzi wakashuka vilimani bila kuitwa. Marhoon aliendesha gari mbio hadi Al Amerat. Alimkuta dada yake amekaa sebuleni, mlango wazi, hajafunga hata sanduku moja. Hapo ndipo alipompigia simu Japhet, msimamizi wake.

"Lete katapila. Bomoa tuta."

"Bosi, makatapila yamerudishwa jana. Ulisema tusilipie wiki nyingine."

Kutoka juu ya wadi kulisikika mngurumo. Haukuwa wa radi, maana radi hukoma.

Nasriya alivaa baibui lake. "Mie naanza kuwatoa watu wa nyumba za huku. Wewe nenda kule kwa jirani yangu Hamood," alisema. "Na usimwambie habari ya mvua. Mwambie ulichofanya."