Siku Zulia Lilipofumuliwa

Mwaka ule nilipanga chumba Alby, kitongoji cha mji mkuu wa Uswidi. Alfajiri nilisafisha ofisi Kista, na mchana sikuwa na pa kwenda, kama ilivyokuwa katika kila mji niliopitia. Ndiyo maana nilishinda kwenye chumba cha baiskeli chini ya jengo letu, alichoazimwa msichana mmoja wa Kimoroko aliyekuwa msanii na mbunifu wa vitambaa.

Alisimamisha humo mtambo wa kufumia, mbao nzito zenye nyuzi nyeupe zilizokazwa kutoka juu hadi chini, na kando yake magunia ya nguo kuukuu. Alizichana vipande vyembamba akafuma zulia. Bibi yake kule milimani alifuma hivyo kwa sababu ya umaskini. Yeye alifuma kwa ajili ya maonyesho, na ndiyo kwanza apewe ukumbi.

Alikuwa na masharti yake. Hakuchagua rangi, aliingiza mkono guniani bila kutazama, na kilichotoka ndicho kilichofumwa, hata kikiwa soksi. Tena alichokwisha kufuma hakukifumua. Siku moja niliona mstari umepinda kama barabara ya Lushoto, nikamwambia.

"Ukianza kurekebisha, kaka, humalizi," akasema kwa Kiswidi, lugha tuliyosikilizana. "Songa mbele."

Wenye ukumbi walitaka zulia litundikwe ukutani. Alikataa. Watu wavue viatu wapite juu yake, kama kwao.

Nguo alizipata kwa majirani, nami nilimsaidia kubeba. Kwetu Tanga khanga huvaliwa, hubebea mtoto, ikichakaa huwa dekio, na sijaona mtu akiililia. Kwa hiyo sikuwa tayari kwa yaliyotokea wiki ya maonyesho, mama mmoja Mkongo wa ghorofa ya juu aliposhuka na binti yake.

Mama yule alikuwa mtu wa salamu ndefu, mpaka akuulizie watu wenu wote. Siku hiyo hakusalimu.

"Kitenge yangu iko wapi?"

Binti, mwanafunzi wa sekondari, alijibu kwa Kiswidi huku akitazama simu. Alikitia kwenye gunia la nguo za kutoa kwa sababu kilikuwa kimetoboka. Kilikuwa tambara tu.

"Tambara ni weye," mama yake akasema. "Nilikubeba ndani yake kutoka Uvira. Miguu ilivimba. Ulinikojolea njia yote."

Binti akatia simu mfukoni.

Mama alikiona kabla sijamwonyesha. Kilikuwa cha njano chenye samaki wa buluu, na kwa sababu ya ule mkono usiotazama kilikuwa kimetawanyika zulia zima, kipande huku, kipande kule. Akavigusa kimoja kimoja kwa kidole.

"Hii mutaifanya nini?"

Nilitamani kusema uongo. "Itatandikwa chini, Mama. Watu watapita juu yake."

"Batapita na miguu?"

"Watavua viatu."

"Muambie aitoe. Yote."

Nilitafsiri. Msichana alisimama mbele ya mtambo kana kwamba tungeubeba. "Mwambie kimeshachanwa. Nikikitoa atabaki na vipande vya kamba."

"Kamba yangu," mama akajibu.

Msichana akasema kwa sauti ndogo kwamba basi, atalitundika ukutani. Najua neno lile lilimgharimu nini. Nikamgeukia mama nikiwa na matumaini.

"Ukutani bataitazama, na mimi habanijui," alisema. "Hapana."

Bomba la joto liligonga ukutani. Nje, kwenye dirisha lililokuwa usawa wa theluji, ilipita miguu ya watu waliotoka stesheni. Msichana alishika mkasi, akauweka chini. Kisha akavuta kiti.

"Khalti," alimwita, jina wanalomwita dada ya mama. "Keti."

Akaanza kufumua kutoka juu. Ili kufikia samaki wa chini ilibidi aondoe karibu kila kitu, mashati, mapazia, suruali za watoto, kazi ya majira yote ya baridi. Nilingoja mama aseme yatosha. Nilikuwa na hakika atasema. Hakusema. Alipokea kila kipande cha kitenge, akakipangusa, akakizungusha mkononi.

Kazi ile ilihitaji mtu wa pili wa kushika ncha, na msichana alimpa binti bila kumuuliza.

"Vuta pole," mama alimwambia binti yake. "Si nywele ya mwenzako."

Walipofika kipande cha mwisho, zulia lilikuwa limebaki kama mswala. Msichana aliuliza, kupitia kwangu, kama angeweza kubakiza hicho kimoja.

"Hapana," mama akasema.

Msichana akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Hata mimi nisingekitoa," aliniambia kwa Kiswidi. Akakifumua, akampa kwa mikono miwili.

Waliondoka, binti akiwa amekumbatia lile bonge la vitambaa kifuani, mama nyuma akimhimiza asiliangushe. Sisi tulibaki tumezungukwa na marundo ya matambara hadi magotini. Msichana alianza kukaza upya nyuzi zilizolegea.

"Utamaliza kabla ya maonyesho?" nilimuuliza.

"Simalizi. Litakuwa dogo." Akanipa ncha ya uzi nishike. "Watapita mmoja mmoja."